Upepo wa Kurasini na Upepo wa Pugu

Nyuma ya yadi za makontena Kurasini, pale malori yanapokata kona kwa breki na matusi, kuna benchi la ubao lililokalia matairi mawili ya lori yaliyofukiwa nusu ardhini. Wenyewe wanaliita Gatini, kwa kuwa mtu akishatia nanga hapo hang'oki mpaka ashushe mzigo wake wote wa maneno. Jumapili ile asubuhi walikuwepo wale wale. Alikuwepo Praygod, fundi pancha, ambaye mashine yake ya upepo iko pembeni tu mwa benchi, na mtaa mzima unamwita Kiraka. Alikuwepo Ferdinand, wakala wa kutoa mizigo bandarini, anayejua kila kitu kilichowahi kuandikwa kwenye simu, jina lake Profesa. Alikuwepo Albano, mchonga vinyago wa kutoka Newala, kwa waliomzoea ni Mpingo, mtu asiyesema sana ila akisema mnakaa nalo wiki nzima. Mzee Kashata alikuwepo na birika lake la kahawa, maana bila yeye hakuna Gatini. Na katikati yao, mikono juu ya magoti, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, alikaa Mbwana, au Mzee Winchi, aliyenyanyua makontena ya watu mpaka alipostaafu, na leo alikuwa na jambo ambalo winchi hailiwezi.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kile kigari cheupe kilichopaki mbele ya benchi. Mwanawe Sadallah, anayekaa Pugu, alikuwa amepata mtoto, mjukuu wa kwanza kwa Mbwana, na leo baada ya sala ya adhuhuri ndiyo akika. Mbwana na mkewe Mwanaasha walikuwa hawajamtia mtoto machoni. Jumapili iliyopita walishika njia kwenda kumwona, wakafika Gongo la Mboto, tairi la mbele kushoto likapasuka, safari ikafia pale. Toka siku hiyo Mwanaasha hataki hata kulisikia hilo gari. Asubuhi hii Mbwana alipomwambia wajiandae, alijibiwa kwa upole uliomtisha kuliko kelele: "Tangulia na gari lako, Baba Sadallah. Mie nina usafiri wangu." Na Mbwana hakutaka kutangulia. Alitaka kushuka Pugu na mkewe ubavuni, waingie kwenye nyumba ile kama babu na bibi, wapewe mtoto kwa pamoja. Kwenda peke yake aliona ni sawa na kwenda kama mpiga picha aliyekodiwa.

Basi Gatini wakalichukua jambo kama lao. Uamuzi wa kwanza ulipita bila kupingwa: Mama Sadallah hana imani na upepo wa lile tairi. Tairi lenyewe lilikuwa jipya, Kiraka kalifunga Jumatatu. Kilichobaki ni upepo.

— Presha umetia ngapi? aliuliza Profesa, macho kwenye tairi.

— Ngapi ya nini? alisema Kiraka. Nimetia mpaka limekaa sawa.

— Mpaka limekaa sawa! Ndiyo kipimo hicho?

— Mie napimaga kwa teke. Ukilipiga likilia "du", bado. Likilia "di", tosha.

— Na likilia "paa"? aliuliza Mzee Kashata, akimimina kahawa.

— Hapo utakuwa hujui kupiga teke.

Profesa alitikisa kichwa kwa huzuni ya msomi. Akaeleza kwamba ukifungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo, pana kibandiko kidogo kinachosema tairi la mbele litiwe ngapi na la nyuma ngapi. Watu wanakaa na gari mpaka linachakaa hawajawahi kukisoma.

— Kimeandikwa Kijapani, alisema Kiraka.

— Namba ni namba, Kiraka.

— Namba za kule ni za baridi ya kule. Hapa Kurasini lami ikipata jua, hata wewe mwenyewe presha inapanda.

— Ndiyo maana tairi linapimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Likishatembea linapata moto, upepo unavimba ndani, ukipima unadanganyika. Unaona mwingi, kumbe ni joto. Tairi linapimwa likiwa limelala.

— Kama mke, alisema Mzee Kashata. Habari mbaya unampa akiwa amelala.

— Wewe ulishawahi kumpa? aliuliza Kiraka.

— Nilikuwaga nampa. Mwishowe akawa halali.

Wakacheka, na Mbwana akacheka nao kidogo, lakini jicho lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa bluu wa nyumba yake. Pazia lilitikisika. Alijua Mwanaasha anavaa. Alimjua mkewe kwa vishindo tu: akifungua kabati lile la chini maana yake anatoa baibui jipya.

— Winchi, alisema Albano. Hebu tusimulie tena ilivyokuwa. Labda kuna kitu kilitupita.

Hakuna kilichowapita, maana Mbwana alikuwa amesimulia habari ile kila siku ya Mungu toka ilipotokea. Lakini ombi kama hilo hajawahi kulikataa. Alisogeza kikombe pembeni ili mikono ipate nafasi.

— Natoka Ukonga, mwendo wa kistaarabu. Gongo la Mboto hii hapa. Nasikia usukani unanivuta. Nikajisemea, huu ni upepo wa nje. Mara, paaa! Gari likaenda hivi, nikalirudisha hivi. Lori hili hapa, linanijia. Nikalipisha. Nikakanyaga breki kidogo kidogo, sikuikandamiza.

— Hapo ndipo ulipookoka, alisema Profesa. Tairi likipasuka ukakandamiza breki, umekwisha.

— Nikalilaza pembeni. Nikashuka mbio, nikazunguka, nikachuchumaa. Tairi limechanika kuanzia hapa mpaka hapa, mbavuni, limefumuka lote, nyuzi nje. Ringi ya moto, huwezi kuigusa. Nikasema Alhamdulillahi, ringi haijapinda.

— Ringi ndiyo muhimu, alisema Kiraka.

— Nyuzi zilikuwa za waya au za kamba? aliuliza Albano.

— Za waya.

— Aisee.

Walinyamaza kwa heshima ya zile nyuzi. Kisha Mbwana akashusha sauti, kwa sababu alikuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema bado, na lilikuwa linamkera wiki nzima.

— Sasa kuna ishu nyingine. Ananipa chai kwa mkono wa kushoto.

Mzee Kashata alirudisha birika kwenye jiko lake polepole.

— Nani?

— Mama Sadallah. Chai, sahani, hata ufunguo wa geti. Yaani mie mumewe, mtu mzima, napokezwa kwa kushoto kama jambazi. Na hasemi kitu. Ananyoosha tu.

— Subhanallah, alisema Mzee Kashata.

— Kwetu kule Newala mtu akikupa kitu kwa kushoto, alisema Albano, unamwuliza nani kafa.

— Mie sijamwuliza. Nimenyamaza. Nikasema nikimwuliza nitakuwa nimejishusha.

Profesa alikuwa amekwisha simama. Mtu huyu akipata wazo hawezi kukaa nalo chini.

— Tairi lililopasuka ni la upande gani?

— Kushoto.

— Na mkono anaokupa chai?

— Kushoto.

— Basi! Ujumbe umefika! Mama anakwambia: Baba Sadallah, shughulikia kushoto. Hakutukani huyo, anakupa ripoti.

Gatini nzima iligeuka kulitazama tairi la kushoto. Mbwana mwenyewe alijiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Wiki nzima amekula dharau, kumbe ni ripoti! Ilimwingia vizuri, kwa sababu ripoti unaweza kuifanyia kazi, na yeye ni mtu wa kazi. Alikunja mikono ya kanzu.

— Kwa hiyo nikimthibitishia huu upepo wa kushoto, atapanda?

— Atapanda na mkono wa kulia utarudi, alisema Profesa.

Hapo ndipo upepo wenyewe ulipoanza kuchambuliwa. Profesa alipendekeza naitrojeni, ile wanayotia kwenye vituo vikubwa vya mafuta, haivimbi ovyo kwa joto, haitoroki upesi. Kiraka aliposikia hivyo aliona mkate wake unachukuliwa mbele ya macho yake.

— Hiyo naitrojeni wanaitoa wapi?

— Kwenye hewa.

— Hewa ipi?

— Hii hii. Kwa kweli hewa hii tunayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni.

— Ehee! Nyie mmesikia? Kumbe mie siku zote nauza naitrojeni, nyie mnaita upepo wa Kiraka!

— Yao imechujwa.

— Hata mie naweza kufunga kitambaa pale mbele ya mashine.

Albano alikuwa amekunja uso akilitazama tairi vile anavyolitazama gogo kabla ya kuligusa na patasi. Watu wakamgeukia, maana ishara hiyo wanaijua.

— Winchi, hilo lililopasuka, mara ya mwisho ulilijaza wapi?

Mbwana alifikiri. — La kushoto... Lilipungua siku ile tumempeleka Sadallah kitanda. Nililijaza kule kule Pugu, kwa jamaa mmoja njiani.

— Na mengine matatu?

— Hapa, kwa Kiraka.

— Basi ndiyo hapo, alisema Albano. Upepo wa Pugu umetoka msituni, mwepesi, wa baridi, haujazoea kelele. Huu wa Kurasini una chumvi, una moshi wa malori, una shida za watu. Umemfungia huyu mwenyeji wa Pugu mguu mmoja, halafu wa Kurasini miguu mitatu. Siku unashika njia ya Pugu, unafikiri nini kitatokea?

— Nini?

— La kushoto linavuta kwenda kwao. Si ulisema usukani ulikuwa unakuvuta?

Mbwana aliitazama mikono yake kama bado imeushika usukani. Ni kweli usukani ulimvuta.

— Lakini lilipasukia Gongo la Mboto, alisema Kiraka. Pugu bado.

— Lilikuwa limeshasikia harufu ya nyumbani. Likashindwa kuvumilia.

Profesa alitaka kusema kwamba usukani huvuta upande mmoja kwa sababu tairi la upande huo limepungua upepo, na tairi lililopungua linajikunja mbavu kila linapozunguka, linapata moto, mbavu zinachoka, mwisho linafumuka. Alianza hata kusema. Lakini maneno ya Albano yalikuwa matamu zaidi, na yeye mwenyewe alionekana kusitasita, kahawa yake ikapoa mkononi.

— Mie naona mnalizunguka jambo, alisema Mzee Kashata. Kiraka, mashine yako inavuta upepo wapi?

— Hapa hapa.

— Hapa hapa wapi?

— Hapa tulipokaa. Si unaona mdomo wake unatazama benchi.

— Basi inavuta maneno yetu. Toka asubuhi mpaka jioni hapa tunamsema nani na nani. Yote hayo yanaingia mle, yanasukumwa kwenye tairi la mtu. Umeshawahi kuona umbeya ukakaa ndani? Lazima utafute pa kutokea.

— Wewe ndiyo uhamishe birika lako!

— Hamisha mashine!

— Mashine ina waya wa umeme, birika lina mkono tu!

Profesa alipoona sayansi imeshindwa pande zote, aliamua kuingia na yeye, na alipoingia hakuingia kidogo.

— Ngojeni. Mnajua kwa nini Dar kuna joto siku hizi?

— Ni Dar, alisema Albano.

— Zamani halikuwa hivi. Kulikuwa na upepo mpaka watu wanalala na shuka. Sasa hesabuni magari ya mji huu. Malori, mabasi, bodaboda, bajaji. Kila tairi limejazwa nini? Upepo. Umetoka wapi? Hapa hapa mjini. Yaani upepo wetu wote umefungiwa kwenye matairi, tumebaki na jua peke yake.

 Lori moja lilikata kona, matairi yake mengi yakazunguka mbele yao, na wote wakayatazama kwa macho mapya, kama watu waliomwona mwizi wao anapita na mali.

— Kwa hiyo tukiyafungua yote siku moja... alisema Mzee Kashata.

— Tunavaa masweta.

— Iwe Ijumaa, alisema Mzee Kashata. Watu wamekusanyika.

— Iwe Jumapili, alisema Albano.

— Isiwe siku yoyote! alipiga kelele Kiraka. Nani atayajaza tena? Mie mkono huu mmoja?

Mbwana hakuwa anasikiliza tena. Jua lilikuwa limepanda, muda wa kuondoka ulikuwa unakaribia, na mlango wa bluu ulikuwa umefungwa vile vile. Alijua la kumwambia mkewe kuhusu upepo sasa, tena alikuwa nalo la kumwambia kwa njia tatu nne. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mzito, na hakujua kwa nini. Aliinuka, akalipiga tairi teke dogo. Likalia "di".

Hapo ndipo bajaji ilipokata kona na kusimama mbele ya benchi. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kofia na jaketi jepesi la mikono mirefu kwa ajili ya jua. Alizima injini kabla ya kusema, jambo ambalo Gatini waliliona ni adabu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba! waliitikia wote, mpaka Kiraka ambaye alikuwa rika lake.

— Samahani, nauliza kwa Mama Sadallah.

Mzee Kashata alitazama birika lake. Profesa alitazama simu. Mbwana ndiye aliyelazimika kujibu.

— Unamtakia nini?

— Kanipigia simu nimpeleke Pugu.

— Mie ndiye mumewe.

— Aa, shikamoo baba. Mie naitwa Kokushubila, napaki pale njia panda ya sokoni. Kaniambia nisichelewe, kuna akika.

— Kaa kwanza, binti, alisema Mzee Kashata, na hakumpa nafasi ya kukataa, akamtilia kahawa kwenye kikombe kilichosuuzwa mara mbili. Bado anavaa huyo. Kaa upate kahawa.

Kokushubila alikaa ukingoni mwa benchi. Akalitazama gari jeupe, limeoshwa, linang'aa, limegeuziwa uso upande wa barabara ya Pugu.

— Na hili gari la nani?

— Langu, alisema Mbwana.

— Zima?

— Zima kabisa.

— Sasa mbona mama anaita bajaji?

Kumbe walikuwa wanasubiri waulizwe. Wakamwaga yote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake: tairi la kushoto, presha, kibandiko cha mlangoni, naitrojeni, mashine ya Kiraka inavyovuta umbeya, tairi lililotaka kurudi kwao Pugu. Albano alichora mchoro mavumbini. Mbwana alisimulia paaa kwa mikono yote miwili, akamwonyesha kuanzia hapa mpaka hapa, nyuzi za waya, ringi ya moto. Kokushubila alisikiliza bila kucheka. Alikunywa kahawa yake akamaliza, akaweka kikombe chini.

— Poleni sana. Na mama alikuwemo ndani?

— Alikuwemo, alisema Mbwana.

— Amekaa wapi?

— Mbele, pembeni yangu.

— Upande huo huo wa kushoto?

— Huo huo.

— Aliumia?

 Kiraka alimtazama Profesa, na Profesa, mtu mwenye jibu la kila kitu, akautazama mchoro wa mavumbini. Albano aliacha kuchora. Kisha wote, taratibu, wakamgeukia Mbwana, kwa kuwa swali lilikuwa dogo na mwenye jibu alikuwa amekaa hapo hapo.

Mbwana alitaka kusema hapana. Hakuwa na hakika nalo. Alijirudisha Gongo la Mboto, akajiona anashuka mbio, anazunguka, anachuchumaa. Akalisikia jambo ambalo katika masimulizi yake yote hakuwahi kulitia. Wakati amechuchumaa pale, sauti ilitoka dirishani juu ya kichwa chake: "Baba Sadallah." Mara moja tu. Naye bila kuinua uso alijibu, "Ngoja kwanza nilitazame tairi." Mwanaasha hakuita tena. Njiani kurudi, kwenye gari la watu waliowasaidia, alikaa kimya, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Mkono wa kulia. Wiki nzima Mbwana ameuhesabu wa kushoto, ule wa kulia hajauliza uko wapi.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ikaja na hofu nyuma yake, na nyuma ya hofu mapenzi, yale ya zamani ambayo mtu huyasahau kwa kuwa yapo tu nyumbani.

Mlango wa bluu ulifunguliwa. Mwanaasha alitoka amevaa baibui jipya, mkono wa kulia umefunikwa kanga, mkoba begani kushoto, na hotipoti la maandazi limefungwa kitambaa, amelikumbatia kifuani kwa mkono huo huo wa kushoto. Alirudisha mlango kwa kisigino. Mbwana alivuka barabara bila kutazama malori.

— Mama Sadallah.

— Si nimekwambia utangulie.

— Huo mkono una nini?

Mwanaasha alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Mbwana alitamani angekuwa nayo.

— Leo ndiyo umeuona?

— Leo.

— Gari lilipoyumba nilijishika pale mbele. Kiganja kikageuka.

— Sasa mbona hukuniambia?

— Nilikuita.

Mbwana alinyoosha mikono yote miwili. Alimpokea hotipoti. Vidole vyake viligusa kanga na akaiona ngozi ya kifundo cha mkono, imevimba, imeiva rangi ya zambarau.

— Pole, alisema.

Kila mtu anajua jibu la neno hilo, na Gatini wote waliokuwa wametega masikio walilisubiri.

— Sijapoa, Baba Sadallah, alisema Mwanaasha.

Akampita, akaingia kwenye bajaji. Kokushubila alikuwa amekwisha washa injini. Mbwana alibaki barabarani na hotipoti mikononi, kanzu yake inapata vumbi, na mbele yake kigari chake cheupe kimesimama kwenye matairi manne yasiyo na kasoro hata moja. Kiraka alimwonyesha ufunguo wa gari alioacha benchini, kutoka mbali, kwamba achukue, awafuate kwa nyuma. Hakuuona.

— Utasimama hapo mpaka akika iishe? Mwanaasha alisema kutoka ndani. Ingia. Kaa huku kushoto. Huu wa kulia ukiugusa tu, nashuka.

Mbwana aliingia. Alikaa kushoto, akajibana kwenye ukingo, hotipoti mapajani, kama abiria asiyejua kama kalipiwa. Bajaji ilipoanza kusogea alichungulia mbele kwa mazoea, akaliona lile tairi moja la mbele. Lilikuwa limelegea kidogo. Si la kutisha, ila kidogo, na siku nyingine yoyote angemsimamisha dereva pale pale na kuanza mhadhara.

Alifungua mdomo. Kisha akamgeukia mkewe.

— Tupitie hospitali kwanza.

— Mtoto kwanza.

— Basi tukitoka.

— Tukitoka.

Walipita yadi za makontena, wakakamata barabara kubwa. Upepo uliingia pande zote za bajaji, ukainua ncha ya kanga, na Mbwana akaishusha taratibu kuufunika ule mkono.

— Unauma sana?

Mwanaasha alitazama nje, kwenye malori yaliyopanga foleni. 

— Usiku, alisema. Mchana navumilia.